Jina la mtoto si mali ya karani

Mtu akifungua daftari la shule ya msingi katika bonde la Rufiji, iwe ni Ngorongo, Mkongo au Kibiti, atasoma humo historia ya vizazi vitatu katika mstari mmoja. Jina la tatu, ambalo ni la babu, huenda likawa Mashaka, Shamte au Mwinyimvua. La pili ni Hamisi au Jumanne. La kwanza, la mtoto mwenyewe, ni Aiman au Brayani. Majina ya mabibi hayamo kabisa. Tabu, Siwatu na Sikudhani hayana safu katika fomu zetu, kwa hiyo mtoto wa kike asipopewa jina la bibi yake, jina hilo hutoweka bila kuacha alama.

Majina ya zamani yalikuwa ni kumbukumbu. Mtoto aliyezaliwa katika dhiki aliitwa Shida; aliyezaliwa baada ya wenzake kufa alipewa jina la kumkinga na husuda; wa Ijumaa akawa Juma au Mwajuma. Hata Mwalimu Nyerere aliitwa Kambarage kwa sababu ya mvua iliyonyesha siku ya kuzaliwa kwake, na jina la Julius alilipata alipobatizwa mwaka 1943. Yote mawili aliishi nayo. Bonde hili nalo lilikumbwa na mafuriko makubwa ya mwaka 1968, wananchi wakahamishwa kutoka mabondeni na kupelekwa vijijini. Jambo kama hilo wazee wangeliandika katika majina ya watoto, maana hawakuwa na karatasi nyingine.

Si nia yetu kuwazuia wazazi wa leo. Mama anayemwita bintiye Aisha badala ya Asha ana haki yake, ingawa hatuoni kosa la Asha. Mobutu alipiga marufuku majina ya Kizungu nchini Zaire mwaka 1972, naye mwenyewe akabadili la kwake. Amri hiyo haikumpa mwananchi heshima wala chakula. Kinachotusikitisha sisi ni kingine: Kinjikitile Ngwale, mtu wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani pale Mohoro mwezi Agosti 1905, anafundishwa katika kila darasa la historia, lakini ni mwalimu gani amewahi kumwandikisha mtoto mwenye jina hilo?

Lawama yetu tunaielekeza kwa watumishi wenyewe. Wako walimu na makarani ambao, wakisikia jina la Sikujua, hucheka, kisha huandika wanaloliona la kistaarabu. Wengine husahihisha: Mohamedi huwa Muhammad, Hadija huwa Khadija, kana kwamba mzazi hajui alivyomwita mwanawe. Wengine hudai jina la ukoo kwa mtu ambaye kwa desturi yake hutaja la baba na la babu tu, na asipokuwa nalo humbunia.

Zamani kosa hilo lilikuwa dogo. Leo ni kubwa. Tangu mwaka 2013, kwa mpango ulioanzia Mbeya na kuenea mikoani, watoto wa chini ya miaka 5 husajiliwa katika vituo vya afya na ofisi za kata, kwa hiyo muuguzi na mtendaji wa kata nao wameshika kalamu. Jina likiandikwa hivi katika kadi ya kliniki, vile katika cheti cha kuzaliwa, na vingine katika fomu ya mtihani, kijana atakuja kukwama siku anapotaka kitambulisho cha Taifa au kazi, na atalazimika kulipia hati ya kiapo kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye.

Hapana budi, basi, kila Januari wakati wa kuandikisha darasa la kwanza, mwalimu adai cheti kwanza. Kisipokuwapo, amsomee mzazi kwa sauti kile alichokiandika, herufi kwa herufi, kabla mzazi hajaondoka. Kazi hiyo haizidi dakika mbili kwa mtoto.