Shemeji Kichwa wa Hesabu, Roho Iko Redioni

Haya jamani, mwezi mwingine umefika na mimi bado nipo. Leo habari za wivu na simu zenye namba za siri tuziweke pembeni kidogo, maana nimepata barua kutoka nyumbani. Nikisema nyumbani nina maana ya upande wa Mbebe, kule Ileje. Enzi zetu ukimwambia mtu wa Dar kwamba unatoka Songwe, alidhani unataja mto. Mkoa wenyewe umezaliwa 2016 tu.

Aliyeniandikia ni dada wa miaka 31, mfanyakazi wa benki, anaishi Tunduma na mumewe ambaye ni wakala wa forodha pale mpakani. Mume ana mdogo wake wa mwisho, aliyekulia Mbebe kwa mama yao, mama aliyesomesha watoto kwa mahindi na maharage. Kijana kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa EGM, na Hisabati kapata A. Kichwa kweli kweli! Sasa tatizo liko wapi? Kijana hesabu hazitaki. Anataka utangazaji. Tangu mdogo alikuwa anatangaza mechi za watoto wenzake huku kashika gunzi la muhindi kama maiki.

Kaka mtu kasema atalipa ada ya takwimu, basi. Dada yetu kasema kijana aachwe asome roho inapopenda. Maneno yakazidi, mpaka siku moja mume akamtamkia: "Huyu ni mdogo wangu, si wako." Sasa ni wiki ya tatu, chakula kinaliwa kimya na salamu ni "umeamkaje", imetoka hiyo. Anauliza: "Anti, nani kati yetu yuko sahihi?"

Pole sana, mdogo wangu. Lakini nitakuambia ukweli, na usininunie. Barua yako ina ukurasa mmoja kuhusu shemeji yako na kurasa mbili kuhusu wewe. Umeandika kwamba ulitaka kusomea ushonaji na ubunifu wa mavazi, baba akasema uhasibu, na mpaka leo ukipita duka la vitambaa roho inakuuma. Umeandika pia kwamba mumeo alikosa ada ya chuo, akaanza kwa kupakua mizigo mpakani, na kila siku anawaona vijana wenye digrii wanahangaika mjini. Sasa niambie, hapo mnamgombania kijana au mnagombania ya kwenu? Wewe unataka apate ulichonyimwa. Yeye anataka asipite alikopita. Wote mnampenda, ila hakuna anayemsikiliza. Katika barua nzima sijaona hata sentensi moja aliyoisema kijana mwenyewe.

Kipaji na mapenzi si maadui

Kuna watu wanadhani lazima uchague: ama unachokiweza, ama unachokipenda. Mwangalie Mwalimu Nyerere. Pale St Mary's Tabora alifundisha biolojia. Alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 alianza na kozi fupi ya kemia na fizikia, halafu akaingia shahada ya sanaa, akasoma mambo ya uchumi, historia na falsafa, na kumaliza 1952. Sayansi hakuwa mbumbumbu, la sivyo asingepewa darasa la biolojia. Ila hakukimbilia jambo asiloliweza kwa sababu tu analipenda. Alikwenda upande ambao moyo na uwezo vilikutana.

Halafu mapenzi ya kazi ni kama mapenzi ya ndani ya nyumba. Mwaka 2018 watafiti Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walichapisha utafiti wao kuhusu jambo hili. Walikuta kwamba mtu anayeamini mapenzi ya kitu yapo tayari ndani yake, yanangoja kugunduliwa tu, hupoa haraka mambo yakiwa magumu. Anayeamini kwamba mapenzi hukuzwa huvumilia zaidi. Si ndiyo yale yale tunayoyasema hapa kila mwezi? Wapo waliooana kwa moto mkali na baada ya mwaka hawaongei, na wapo walioanza kwa kuheshimiana tu, leo huwatenganishi.

Kwa hiyo kuwa na A ya Hisabati si kifungo cha maisha. Na kupenda redio nako si cheti. Je, kijana anapenda utangazaji, au anapenda kusikika? Kazi ile ina kuamka alfajiri, kusoma makabrasha, kuhakiki habari na kukosolewa na kila mwenye simu.

Fanyeni hivi

1. Mwiteni kijana Tunduma, mkae watatu. Aongee yeye kwanza, nanyi msimkatize. Anayelipa ada ana sauti, sikatai, lakini si yeye atakayekaa darasani miaka mitatu.

2. Ajaribu kabla ya kujaza fomu. Aombe kujitolea wiki chache katika redio ya jamii iliyo karibu, na wiki nyingine akae ofisini kwa kaka yake ashike mahesabu ya mizigo. Kisha muulizeni: kazi ipi ilimchosha mwili tu, na ipi ilimchosha roho?

3. Mpige hesabu ya mshiko mapema. Mkopo wa Bodi si zawadi. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Na si kila mwombaji anapata kiasi anachotarajia, kwa hiyo familia ijue itaongeza nini.

4. Msome mwongozo wa TCU wa mwaka huu. Tangu 2017 mwombaji anapeleka maombi moja kwa moja chuoni, hivyo anaweza kuomba takwimu huku na uandishi wa habari kule, kama sifa zinaruhusu.

5. Tafuteni mahali njia mbili zinapokutana. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120, lakini namba ile ilitufikia kwa midomo ya watangazaji. Mtangazaji anayeweza kuichambua bajeti bila kubabaika ni lulu. Anaweza kuanza na digrii ya takwimu kisha achukue stashahada ya uandishi wa habari. Au aanze na habari, ila hesabu asizitupe.

Na nyie wasomaji wenye wadogo walio kidato cha nne, msisubiri mpaka kidato cha sita. Mlango wa chuo huanza kufungwa au kufunguliwa kwenye tahasusi. Mwaka 2024 tahasusi zimeongezwa kutoka 16 hadi 65, kwa hiyo habari ya "sayansi au umekwisha" imepitwa na wakati.

Nirudi kwako, mdogo wangu. Leo usiku mpakulie mumeo chakula, kaa karibu yake, umwambie unajua anachokiogopa. Usianze na takwimu wala redio. Anza na ile mizigo aliyoipakua ili mdogo wake asome. Najua "si wako" ilikuchoma, na ana deni la kukuomba radhi. Lakini mtu aliyesikilizwa huomba radhi haraka kuliko aliyeshindwa. Na ugomvi huu usifike Mbebe kwa mama mkwe. Yule mama kashavuna ya kutosha.

La mwisho ni lako peke yako. Una miaka 31, si 81. Cherehani zinauzwa hapo hapo Tunduma, na Jumamosi mchana benki imefungwa. Ukianza kushona, utashangaa jinsi suala la shemeji litakavyopungua uzito.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.