Konsetina Isikuumize Mikono

Kodiani tunaifahamu, ile yenye mikanda ya kuning'iniza mabegani, ambayo wapigaji wa taarabu kule Unguja huitumia. Konsetina, kinanda kile kidogo cha pembe sita, haina mikanda ya mabegani. Uzito wake wote huishia mikononi, na hapo ndipo taabu ilipotupata.

Tulikuwa tukiishika hewani mbele ya kifua. Nyimbo tatu tu za kwaya, viganja vinawaka, na kesho yake hata kukamua nguo za mtoto ni shida. Tulikaribia kuiacha kabisa.

Dawa ni paja. Keti kwenye kiti kisicho na mikono, uweke upande wa kushoto wa konsetina juu ya paja la kushoto. Upande huo utulie. Mkono wa kulia ndio uvute na kusukuma. Mvukuto usisugue goti, utachakaa. Tandika kitambaa laini.

Kisha tazama mikanda ya viganja. Ikilegea, kinanda kinayumba na vidole vinatafuta vitufe. Ikibana, mkono unakufa ganzi. Ukimaliza wimbo, usifunge mvukuto kwa nguvu: bonyeza kwanza kitufe cha hewa kwa kidole gumba, nao utajikunja kimya.

Na asubuhi za Juni na Julai, kwa baridi yetu hii ya Iringa, pasha mikono joto jikoni kabla ya kupiga. Kinanda chenyewe kikae mbali na moto.