Ndovu Wana Majina, Sisi Ni Wasaidizi

Jioni moja nilikuwa kibandani hapa Kiwanjani nikinywa chai, jamaa mmoja tuliyesoma naye akaanza kunisomea simu yake. Anafanya shahada ya pili Nairobi, alikuwa amekuja likizo. Alikuwa ameandika jina la Iain Douglas-Hamilton kwenye Google Scholar na anahesabu mara ambazo makala zake zimenukuliwa na wengine. "Ona hii namba, buda," akaniambia. "Huyu ndiye mwanasayansi. Hii ndiyo inaitwa ushawishi."

Sikubishana naye palepale, kwa sababu kuhusu mtu mwenyewe alikuwa sahihi. Kilichonikera ni kile alichokuwa anahesabu.

Wacha kwanza nimpe mwenye haki haki yake. Mwaka 1965, akiwa kijana wa rika langu, Douglas-Hamilton alienda Ziwa Manyara, Tanzania, akaanza kumjua kila ndovu mmoja mmoja kwa mikato ya masikio na umbo la pembe. Wakati huo hiyo haikuwa kazi ya kawaida. Ndovu walihesabiwa kama magunia. Kazi ya Manyara ikampa shahada ya uzamifu Oxford, na mwaka 1975 yeye na mkewe Oria wakatoa kitabu, Among the Elephants. Halafu akageukia bara zima. Mwaka 1979 makadirio yake yalisema Afrika ina ndovu milioni 1.3 hivi. Miaka kumi baadaye walikuwa wamebaki kama 600,000. Hesabu za namna hiyo ndizo zilizowekwa mezani mwaka 1989, nchi za mkataba wa CITES zilipokubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Julai ya mwaka huohuo Moi aliwasha moto tani 12 za pembe Nairobi mbele ya kamera za dunia. Mwanasayansi anayeweza kusema "nilihesabu, na sheria ikabadilika" ni wa kutafuta kwa tochi.

Kwa hiyo mkinisikia nalalamika, msiniweke kwenye lile kundi la wanaosema utafiti wote wa wanyama ni wizi wa wazungu. Najua hasira hiyo inatoka wapi. Januari 2025 mahakama ya ardhi hapa Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilianzishwa bila kufuata sheria, na watu huku walisherehekea. Nami nilifurahi. Lakini kuhifadhi ardhi bila kumuuliza mwenyewe ni jambo moja, na kujua ndovu wangapi wamekufa na wamekufaje ni jambo lingine. Hilo la pili tunalihitaji hata kama tungefukuza kila loji kesho asubuhi.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1993 alianzisha Save the Elephants, na baadaye kituo chake cha utafiti kikawa Samburu, kando ya Ewaso Nyiro. Ukivuka mto huo uko Buffalo Springs, kaunti yetu. Ndovu wenyewe hawajawahi kuuliza mpaka wa kaunti uko wapi. Mwaka 2014 Douglas-Hamilton alikuwa mmoja wa waandishi wa makala iliyoongozwa na George Wittemyer, iliyokadiria kwamba ndovu 100,000 waliuawa na majangili Afrika kati ya 2010 na 2012. Namba hiyo ilizunguka dunia nzima, umeisikia hata kama hukujua ilikotoka.

Lakini namba kama hiyo inapatikanaje? Huwezi kuhesabu kila mzoga wa bara zima. Lazima pawe na mahali pamoja ambapo kila ndovu anajulikana, ili akifa ijulikane ni nani, na kama ni ukame au ni risasi. Ukishajua vifo vya kawaida vinakuwaje, ndipo unaweza kusoma vizuri hesabu za mizoga kutoka kwingine. Mahali hapo palikuwa Samburu. Hesabu ya Afrika nzima iliegemea hapa, kwa kazi ya watu wanaoamka alfajiri, wanaofuata tai angani, wanaofika kwenye mzoga ulioshavimba, wanaziba pua na kuangalia kama uso umekatwa kwa shoka kutoa pembe, kisha wanatazama sikio na kusema: huyu ni fulani, mama yake ni fulani.

Hapo kwenye "fulani" ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Ndovu wa Samburu wana majina. Kuna familia ya Royals, kuna First Ladies, kuna Virtues. Mwezi wa kumi 2003 jike kiongozi wa First Ladies, Eleanor, alianguka. Jike wa familia nyingine kabisa, Grace, akaja akamwinua kwa pembe zake na kujaribu kumfanya atembee. Eleanor akafa, na kwa siku kadhaa ndovu wa familia mbalimbali wakawa wanakuja kwenye mwili wake. Makala ikatoka 2006, na tangu hapo ukisoma chochote kuhusu mnyama na msiba utakutana na Eleanor na Grace. Mwaka 2024 ikaja nyingine, ya sauti zilizorekodiwa Samburu na Amboseli, ikionyesha kwamba ndovu huenda wanaitana kwa milio inayofanya kazi kama majina. Yaani hata porini mwenyewe anaitwa.

Sasa fungua makala yoyote ya utafiti wa wanyama uliofanyika kaskazini, nenda mwishoni kwenye shukrani, uone wanaofuata nyayo wanaitwaje. Mara nyingi utakuta "wasaidizi wetu wa nyanjani". Eleanor ana jina, aliyemtambua Eleanor ni wingi usiohesabika.

Nasema haya kwa uchungu wa mtu aliyekuwa ndani ya huo wingi. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokwama, na kibarua cha kwanza nilichopata ni cha mwanafunzi mmoja wa uzamifu kutoka nje, wiki sita za kutembea na GPS kuelekea Ngare Mara, tukiandika nyayo na mavi kwenye njia za maji. Mimi nilikuwa nabonyeza kifaa. Aliyekuwa anajua ni mzee mmoja Mturkana. Anainama, anashika mavi, anasema hawa wamepita jana usiku, ni majike na watoto, wanatoka mlimani. Mara ya kwanza mwanafunzi alicheka. Kufikia wiki ya pili alikuwa anaandika kila neno.

Makala ilipotoka nilinunua bando nikaitafuta. Kuisoma yote ni dola thelathini na kitu, kwa hiyo nilisoma muhtasari, na baadaye rafiki akanitumia iliyobaki. Kisima cha mzee kilikuwa kimegeuka herufi na namba. Mzee mwenyewe hakuwamo. Mimi nilikuwa kwenye "wasaidizi". Nilipomwendea kumwonyesha aliniuliza, "Mwanangu, wameandika kwamba kile kisima kimekauka?" Hawakuwa wameandika.

Kuna watakaonijibu kwamba uandishi wa makala si zawadi ya asante. Kwamba mwandishi mwenza lazima aweze kuitetea kazi, na mzee hajui takwimu. Ni hoja nzito kiasi, lakini haijanyooka. Makala hizi huwa na waandishi ambao kazi yao ilikuwa kuendesha hesabu kwenye kompyuta bila kukanyaga mchanga wa Isiolo, na hakuna anayewataka watofautishe mavi ya jana na ya juzi. Kwa nini kutojua kwao ni utaalamu, na kutojua kwa mzee ni upungufu?

Halafu inawezekana, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Tumtazame huyohuyo Douglas-Hamilton. Mwaka 2011 jarida la Nature lilichapisha barua fupi kuhusu bei ya pembe kupanda na ndovu wa Samburu kuuawa. Mwaka 2013 ikaja makala ndefu katika PLoS ONE kuhusu vifo na uzazi wa ndovu hao. Zote mbili zina majina matatu: Wittemyer, Daballen, Douglas-Hamilton. David Daballen ni mtu wa huku kaskazini, aliyekua kikazi humo humo Samburu, na anajulikana kwa kuwatambua mamia ya ndovu kwa kuwaangalia tu. Yuko katikati, jina kamili, si kwenye shukrani. Na ile ya 2014 ina Patrick Omondi, wakati huo akiwa KWS. Kwa hiyo mtu asiniambie sayansi yenyewe inakataa. Palipotakiwa, pakafanyika. Ninachouliza ni kwa nini Daballen awe mmoja wa kutolewa mfano badala ya kuwa kawaida.

Ndiyo maana ile namba ya kibandani haikunibabaisha. Kunukuliwa ni majina kuita majina. Jina lisipoingia siku ya kwanza, halinukuliwi hata utafiti ukisomwa na dunia nzima, halipati ufadhili, halipati nafasi ya chuo, na mtoto wa Kiwanjani anakua akidhani mtaalamu wa ndovu ni mtu anayeshuka kwenye ndege hapo uwanjani kwetu.

Na dawa si ya ajabu. Hakuna anayefanya utafiti Kenya bila leseni ya NACOSTI, na leseni hiyo tayari inadai ripoti kazi ikiisha. Waongeze mistari miwili. Mmoja uorodheshe kwa majina watu waliokusanya na kutambua, wenyewe wakikubali, na kueleza kwa nini kila mmoja ni mwandishi au si mwandishi. Wa pili utake matokeo yarudishwe kwa chifu na kwa wazee wa visima, kwa Kiswahili au Kiborana au Kiturkana, kwa mdomo ikibidi. Nusu siku na soda kreti moja. Anayeshindwa na hilo asituambie ana bajeti ya kola za setilaiti.

Nilimwambia haya yote yule jamaa wa simu, chai ya pili. Alinyamaza kidogo, kisha akasema utafiti wake mwenyewe utakuwa upande wa Merti, mambo ya twiga. Nikamuuliza nani atamwongoza. "Nitatafuta msee huko huko," akasema. Nikamuuliza huyo msee anaitwa nani. Akacheka, akalipa chai, akauliza kama mwezi wa nane nitakuwa huru. Nikamwambia niko, lakini kabla ya kuongea pesa tutaongea ukurasa wa kwanza.