MENEJA WA BIMA ATOKE CHUMBANI

Kila siku twasikia kwamba wafanyakazi wa bima ni wavivu. Hatusiti kusema kuwa lawama hiyo mara nyingi haijamfikia mwenyewe.

Bima si bidhaa ya kushikwa mkononi. Mwuza nguo humpa mnunuzi nguo. Mwuza bima humpa ahadi iliyoandikwa katika karatasi. Fedha hutangulia, na ukweli wa ahadi haujulikani mpaka siku basi linapopinduka au duka linapoungua. Kwa hiyo tija ya karani wa bima haipimwi kwa hati zilizouzwa tu. Inapimwa siku mjane anapofika mezani na taarifa ya polisi mkononi, akaambiwa: "Mama, njoo wiki ijayo."

Tumtazame karani huyo. Faili analo, ushahidi umetimia, lakini kalamu yake haina nguvu. Kila dai linalozidi kiwango chake sharti lipande kwa mkuu wa madai, kisha kwa meneja, na meneja yuko mkutanoni. Tunajua wako wadanganyifu wanaochoma maduka yao wenyewe. Sahihi ya pili ina maana yake. Lakini karani anayefokewa mbele ya wateja hujifunza jambo moja tu: kutotia sahihi kabisa. Mwisho wa mwezi huyo huyo huulizwa mbona mauzo ni haba. Akiuza hupewa bahashishi, asipouza hupewa barua.

Mmarekani James MacGregor Burns, katika kitabu chake cha mwaka 1978, aliutenga uongozi wa namna hiyo, wa nipe nikupe, na ule unaowainua kiongozi na wafuasi wake pamoja. Leo wataalamu wanauita huo wa pili uongozi wa mageuzi, na wanaufundisha kana kwamba umetoka ng'ambo. Twawakumbusha kwamba TANU, katika Mwongozo wa mwaka 1971, ilikwisha kuwaonya viongozi waache ubwana, ufahari na uonevu.

Na bima ilikuwa mahali hasa pa kuyatenda hayo. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, bima ya Tanzania Bara iliwekwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa peke yake, mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipoyafungulia mlango makampuni ya watu binafsi. Wako waliodhani ushindani utawaondoa mabwana wakubwa maofisini. Sisi twaona umewabadilisha tai tu.

Tunataka nini basi? Karani aliyethibitika kuwa mwaminifu aongezewe kiwango cha sahihi, na akikosea kwa nia njema aelekezwe faraghani. Wakala asisifiwe kwa wingi wa hati ikiwa hakumsomea mkulima yale ambayo bima haiyalipi. Makarani waulizwe wao wenyewe faili hukwama wapi, maana ndio wanaojua, na wakisema pasiwe na wa kuwanunia. Meneja naye, walau siku moja kwa wiki, avue koti akae kwenye meza ya madai, awatazame usoni wanaongoja katika benchi.

Yule mjane amerudi. Wiki ijayo aliyoambiwa ndiyo hii.