Shahada ya Pili kwa Bei ya Majanichai
Na Omogaka wa Magwagwa

Jumamosi iliyopita kulikuwa na harambee hapa Magwagwa. Hema lilikodishwa, viti vya plastiki vikapangwa hadi ukingoni mwa chai, na mshereheshaji akapiga kelele ambazo ng'ombe wa Omogaka, ng'ambo ya bonde, bado hawajazisamehe. Kijana wa boma lililoandaa harambee, mwenye shahada ya takwimu tayari, anakwenda kusomea uzamili wa uchanganuzi wa data. Mama Watoto alikuwa amemwonya Omogaka asifungue mdomo. Wasomaji wa safu hii wanajua maonyo hayo huishia wapi.

Mheshimiwa hakufika. Mwakilishi wake alituletea salamu na, bila shaka, ahadi.

Bajeti ikasomwa kwa kipaza sauti: karo ya miaka miwili, kodi ya chumba Nairobi, kipakatalishi kipya. Kisha baba mtu akasimama na kutangaza kwamba nusu ya chai yake amemkodishia jirani kwa miaka mitano ili kuziba pengo. Makofi! Hapo ndipo shingo ya Omogaka ilipoanza kuwasha.

Akainuka. "Mwanangu, risiti za majani ya babako umewahi kuzipigia hesabu?"

Hakuwa amewahi. Kila majani yanapopelekwa kituoni, karani huyapima kwa mizani ya elektroniki na kutoa risiti yenye tarehe na kilo. Boma lile lina mfuko mzima wa risiti, ukiacha zilizowashia moto. Kilo hushuka mwezi gani? Mbolea ilileta nini?

"Hayo, Omogaka, tutafundishwa mwaka wa pili."

Mwaka wa pili! Mtu amekaa chuoni miaka minne akisoma takwimu, na kujumlisha kilo za babake bado kunangoja uzamili. Omogaka anaujua ugonjwa huu: wengi hurudi darasani kwa kuogopa kutafuta kazi, kisha wazazi wanaulipia uoga huo kwa shamba.

Na kazi iko mlangoni. Kila Oktoba bonasi ya chai ya KTDA ikitoka, Nyamira hulia kwamba wenzetu wa Kirinyaga na Murang'a wamelipwa zaidi kwa kilo. Huyu atalaumu ubora wa majani, yule usimamizi wa viwanda, mwingine madalali wanaonunua pembeni. Bei za mnada wa Mombasa zipo na bonasi ya kila kiwanda hutangazwa, lakini Omogaka hajamwona mhitimu wetu hata mmoja akiziweka kwenye jedwali moja na kutuonyesha nani anasema kweli. Vifaa ni bure. Programu ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, haijawahi kumdai mtu cheti. Matokeo ya sensa ya 2019 yamewekwa wazi na KNBS, pamoja na watu 605,576 wa Nyamira, waliohesabiwa na vijana wenye vishikwambi, wala hakuna aliyewadai uzamili.

Kuna mahali shahada hiyo inalipa, Omogaka habishi. KEMRI na Wellcome Trust wamekuwa Kilifi tangu 1989 wakitafiti malaria na maradhi mengine, na kupanga majaribio ya chanjo si kazi ya kujifunza kwa video. Anayetaka kuwa mhadhiri naye asome. Aliyepata ufadhili wa taasisi ya hisabati ya AIMS kule Rwanda aende mbio, asitazame nyuma. Lakini kwenye usaili wa kazi, kampuni ya mikopo ya simu itamwekea kijana jedwali chafu, majina yamerudiwa na tarehe zimepinda, kisha itakaa kimya imtazame. Hapo hakuna wa kumchangia.

Zamu ya kuchanga ilipofika, Omogaka alitoa bahasha nene. Mshereheshaji akaipima mkononi, akatangaza kwamba wazee wa Magwagwa bado wana pesa, na hema likatetemeka kwa vigelegele. Ndani mlikuwa na risiti za Omogaka tangu Januari na kikaratasi kisemacho: atakayezijumlisha mwezi kwa mwezi aje achukue jogoo. Mweka hazina amekwisha kupiga simu kuuliza hundi iko wapi. Kijana hajapiga.