Mwalimu wa staje apimwe kwa nini?



Juma hili tuongee juu ya walimu wa staje, vijana wanaosomea ualimu wa sayansi na kutumwa katika shule za watoto wetu wajizoeze kufundisha. Mkufunzi wao huketi nyuma ya darasa, anasikiliza na kutia alama: somo limetayarishwa? Ubao ni safi? Sauti inasikika? Hayo ni mazuri, lakini hayatoshi. Apimwe pia kama anaweza kuwafundisha watoto kuishi leo bila kuharibu kesho yao.

Mwaka 2017 UNESCO ilitaja uwezo 8 unaopaswa kujengwa na masomo ya namna hiyo. Kati yake kuna kuona jinsi mambo yanavyoshikamana, kufikiria matokeo ya mbele, na kushirikiana na wengine.

Tuchukue mfano wa Bukavu. Sashe inatupwa mferejini. Mvua inaisukuma hadi Ziwa Kivu, na maji yanaipeleka mpaka kwenye mtambo wa umeme wa Ruzizi. Takataka zinaziba mashine, umeme unakatika. Kinu cha unga kinasimama, samaki wa friji wanaoza, nasi tunanunua makala zaidi. Makala hayo ni miti iliyokatwa, mingine hata ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega.

Mwalimu wa staje akiandika ubaoni «plastiki haiozi», amesema kweli. Lakini je, anaweza kuwaongoza watoto wafuate safari ya sashe hiyo, kisha watafute wenyewe la kufanya? Uwezo huo hauonekani kwa mtihani wa karatasi peke yake. Mkufunzi anapaswa kuutazama darasani, kusoma kazi za watoto, na kurudi tena baada ya majuma machache aone kama kuna kilichobadilika.

Sisi pia tuna macho. Mtoto aliyefundishwa vizuri anarudi na maswali: «Mama, takataka zetu zinaenda wapi?» Tusimnyamazishe.

Na mkutano wa komite ya wazazi ukiitishwa, tumuulize mkuu wa shule kwa heshima: walimu wa staje wanapimwa juu ya nini? Wazazi wanaweza kuwaambia wakufunzi yale waliyoyaona nyumbani? Hasara ya umeme na ya miti tunaibeba sisi. Basi neno letu lisikosekane.

Juma jema, mama.