Mkono kukunja si dalili kwamba uko fiti

Mtu akianguka na boda mtaani, uchunguzi hufanywa papo hapo kando ya barabara. Msee mmoja anamshika mkono na kumwambia, "Hebu kunja." Mkono ukikunja, umati unaridhika: "Uko fiti buda, umeteguka tu." Anapakwa mafuta, anakandwa, kesho anarudi mbokani.

Kwangu mimi, hiyo ni nusu ya uchunguzi. Nusu iliyosahaulika ndiyo inayotulisha sisi tunaoishi kwa mikono.

Jaribu hili sasa hivi. Bana kiwiko ubavuni, yaani pale unapoegemea meza, kisha nyoosha kiganja mbele. Kigeuze kitazame juu, kama unayengoja chenji kwa makanga. Sasa kigeuze kitazame chini, kama unayekanda unga. Bega limetulia, kiwiko hakijatoka ubavuni. Sasa ni nini kimegeuka?

Ni kigasha, sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Ndani yake mna mifupa miwili: ulna upande wa kidole cha mwisho, na radiasi upande wa kidole gumba. Kiganja kikitazama juu, mifupa hiyo imelala sambamba kama reli. Ukikigeuza chini, radiasi inazunguka na kupita juu ya ulna hadi inapishana kama mkasi, huku ulna ikibaki karibu pale pale.

Mzunguko huo unategemea viungo viwili. Karibu na kiwiko, kichwa cha radiasi, ambacho ni mviringo, huzunguka ndani ya kano iliyokikumbatia kama pete. Karibu na kifundo, ncha ya chini ya radiasi huzunguka ncha ya ulna. Viungo hivi ni kama bawaba mbili za mlango mmoja: moja ikipinda, mlango unakwama hata kama ya pili ni nzima. Kukunja ni kazi ambayo hasa hufanywa na ulna na mfupa wa mkono wa juu. Ndiyo maana mtu anaweza kukunja vizuri na bado ashindwe kugeuza.

Hasara yake ni gani? Muulize fundi wa stima. Anapokaza skrubu kwa mkono wa kulia, kigasha chake kinageuka kuelekea juu, kikisaidiwa na ule msuli mnaoupiga picha mkiwa jimu. Muulize anayegeuza chapati, kinyozi, au mama mboga anayepokea sarafu. Hata tonge la ugali halifiki mdomoni vizuri bila kugeuza mkono. Kwa kawaida kigasha huzunguka takriban digrii 150 au zaidi, na shughuli nyingi za nyumbani zinahitaji kama 100. Ukipoteza nusu ya mzunguko, basi umepoteza mboka, si mchezo.

Najua mtasema eksirei ni doo, na siku bila kazi ni siku bila unga. Ni kweli kabisa. Lakini anayekukanda pia analipwa, na kukanda mfupa uliovunjika kunaweza kuusogeza zaidi. Ukishaunga ukiwa umepinda, kuunyoosha huenda kukahitaji upasuaji. Bei ya hiyo mnaijua.

Kuna jambo lingine. Mwaka 1814, daktari Mwitaliano aitwaye Monteggia alieleza jeraha ambalo ulna inavunjika na wakati huo huo kichwa cha radiasi kinachomoka mahali pake kule kiwikoni. Ukitazama palipovunjika tu, hutaona palipochomoka. Kwa hivyo ukipigwa eksirei ya kigasha, uliza: kiwiko kimeonekana? Kifundo je? Hiyo si kumfunza daktari kazi. Mkono ni wako.

Na tusisahau watoto. Asubuhi kwenye matatu, mtoto anavutwa ndani kwa mkono mmoja kama mzigo. Kwa walio chini ya miaka mitano hivi, ile pete ya kano bado ni legevu, na kichwa cha radiasi kinaweza kuteleza. Mtoto ataacha mkono uning'inie na kukataa kuutumia. Mpelekeni kliniki, na siku nyingine mbebeni kwa kumshika makwapani.

Ninachopendekeza hakigharimu chochote. Kila steji ya boda iongeze swali moja: baada ya "kunja", ulizeni "geuza". Ageuze mwenyewe, polepole, na msimlazimishe. Akishindwa, au akilia kwa maumivu, msimkande. Tegemezeni mkono jinsi ulivyo kwa kipande cha katoni na leso, kisha twende hospitali. Na hata akiweza, mkono ukiwa umevimba au umepinda, bado aende.

Na ukitolewa plasta, usidhani mambo yameisha. Viungo vilivyofungwa kwa wiki kadhaa hukakamaa. Uliza mazoezi ya kugeuza mkono kabla hujatoka kliniki, na uyafanye nyumbani kama ulivyoelekezwa. Mfupa kuunga ni jambo moja. Mkono kurudi kazini ni jambo lingine.